Kupatwa kwa jua 2027: ubaki Unguja, uende Makka, uende Luxor au ungoje pete ya 2031?

Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 mwezi utapita mbele ya jua, na kivuli chake kitaanzia Bahari ya Atlantiki, kivuke kusini mwa Hispania na Afrika ya kaskazini, kiingie Saudi Arabia na Yemen, kiguse ncha ya Somalia kisha kiishie Bahari ya Hindi. Walio katikati ya njia hiyo, wa Luxor ya Misri, Jedda na Makka wakiwemo, wataingia kizani mchana kweupe. Sisi wa Unguja na Pemba tuko mbali kusini mwa njia, kwa hiyo tutaliona jua limemegwa upande mmoja. Halafu tarehe 21 Mei 2031 litakuja tukio jengine, pete ya moto, na hilo njia yake inakatiza Tanzania.

Ndiyo maana swali limeshaanza kuzunguka barazani na kwenye vikundi vya simu: tubaki na kipande chetu, tukusanye nauli tulifuate giza, au tungoje pete ije karibu? Jawabu moja la watu wote halipo. Mwenye watoto watano wa skuli na kijana mwenye pasi mpya ya kusafiria hawawezi kuchagua sawa. Ninachoweza ni kuzipima njia hizi kwa mizani moja, kila mmoja aone ipi inamfaa.

Kwanza, jua hupatwaje

Jua ni pana kuliko mwezi kwa takriban mara 400, na pia liko mbali nasi kuliko mwezi kwa takriban mara 400. Kwa sababu hiyo, tukivitazama kutoka ardhini vinaonekana vipana sawasawa. Weka sarafu karibu na jicho lako na utaweza kuuziba mlango mzima wa msikiti; mwezi unalifanyia jua vivyo hivyo.

Hili hutokea mwezi ukiwa baina yetu na jua tu, yaani katika siku za mwezi mchanga. Wavuvi na wakulima wa mwani wanaijua hali hiyo bila ya kufungua kitabu: ndizo siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na kujaa juu, kwa sababu jua na mwezi vimejipanga mstari mmoja. Wanaofuata tarehe za Kiislamu nao wanaijua, maana ni siku za mwisho za mwezi, 28 au 29, kabla ya kuandama. Tarehe 2 Agosti 2027 itakuwa mwishoni mwa Mfunguo Tano wa mwaka 1449, na mwezi utakaoandama baada ya hapo ni Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Mtu akikuletea habari kwamba jua litapatwa tarehe 14 ya mwezi, usipoteze muda nayo. Katikati ya mwezi hupatwa mwezi wenyewe.

Kwa nini basi jua halipatwi kila mwisho wa mwezi? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama kiasi cha digrii 5 ikilinganishwa na njia ya dunia kulizunguka jua. Mara nyingi kivuli cha mwezi kinapita juu ya ardhi au chini yake, kinaangukia angani bila ya kugusa kitu. Kikigusa, hutokea moja kati ya hali tatu, na tofauti yao ndiyo msingi wa uchaguzi wote huu.

Mwezi ukiwa karibu nasi, ncha ya kivuli chake kikuu inafika ardhini. Aliye ndani ya ukanda huo anaona jua limezibwa lote: huko ni kupatwa kamili. Mwezi ukiwa mbali zaidi, maana njia yake si duara kamili, unaonekana mdogo kidogo na haulizibi jua lote. Pembeni unabaki mduara mwembamba wa moto, ndiyo pete. Na walio nje ya ukanda, katika kivuli hafifu kinachotanda maelfu ya kilomita, wanaona jua limemegwa. Ukanda wa giza kamili ni mwembamba mno. Huu wa 2027, ambao ni mpana kuliko nyingi, hauzidi sana kilomita 250. Ndiyo sababu mji mmoja unaweza kungoja mamia ya miaka kabla ya kulipata giza, hali duniani kwa jumla hutokea mara moja kila mwaka mmoja na nusu hivi.

Eneo letu limejaaliwa kuona mengi. Tarehe 16 Februari 1980 giza kamili lilipita Tanzania na Kenya kabla ya kuvuka kwenda India. Tarehe 3 Novemba 2013 likapita Uganda na kaskazini mwa Kenya. Tarehe 1 Septemba 2016 pete ilionekana kusini mwa Tanzania, na watu walimiminika Rujewa, wilaya ya Mbarali, kwenda kuitazama.

Tunapima kwa nini

Nimechagua mambo matano. La kwanza ni utakachokiona hasa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudanganyika: jua lililozibwa asilimia 90 bado ni mchana, na hata asilimia 99 si giza. Nyota hazitoki, na taji la jua, ule weupe unaolizunguka likizibwa lote, halionekani. Baina ya kumegwa na kuzibwa lote hakuna ngazi ya kupanda taratibu. Ni mambo mawili mbalimbali. La pili ni anga, maana wingu moja linatosha kuiharibu safari ya maelfu ya kilomita. La tatu ni macho. La nne ni gharama na tabu ya safari. La tano ni watu na ibada: utakuwa na nani saa ile, na je, utaswali au utatazama?

Kubaki Unguja au Pemba, 2 Agosti 2027

Utakachokiona ni jua lililoumwa upande, huku sehemu kubwa yake ikibaki. Pemba itapata kidogo zaidi ya Unguja kwa kuwa iko kaskazini zaidi, na Lamu zaidi ya Pemba. Itakuwa mchana, baina ya Adhuhuri na Alasiri. Asiyeambiwa anaweza kupita njiani, akanunua muhogo wake, akaenda zake bila ya kujua kuwa kuna kitu. Nasema hivi wazi ili mtu asikae nyumbani akitarajia giza kisha akaona amedanganywa.

Aliyeambiwa, lakini, ana mengi ya kuona, tena mengine si ya angani. Jua likipatwa, kila kitundu kinachopitisha mwanga hugeuka kuwa kamera. Mwaka 2016 jua lilikuwa karibu na utosi na limeliwa sehemu kubwa. Kwenye kibanda cha makuti, kila upenyo wa paa ulitupa kimwezi chake sakafuni, makumi kwa makumi, vyote vimeelekea upande mmoja, na watoto wakiweka viganja vyao chini ili kimwezi kiwatue mkononi. Upepo ukitikisa mwembe uani, vimwezi vinatembea ukutani. Mwaka 2027 umbo halitakuwa jembamba namna ile, kwani litafanana zaidi na biskuti iliyong'atwa, lakini kanuni ni ile ile na mtoto wa darasa la pili anaielewa.

Anga ya Agosti kwetu ni ya kipupwe. Kusi linavuma, mvua kubwa zimekwisha, mawingu yanapita vipande vipande. Kwa kuwa tukio zima litachukua muda mrefu, wingu likikuziba dakika kumi hujapoteza kitu. Hilo ni jambo zuri la kupatwa kwa sehemu ambalo wachache hulisema: lina subira. Anayefuata giza la dakika chache hana anasa hiyo.

Macho ndiyo shida kubwa ya kubaki nyumbani. Hakuna hata sekunde moja ambapo ni salama kulitazama jua bila ya kinga. Kiwambo cha ndani ya jicho hakina hisia ya maumivu, kwa hiyo kinaungua bila ya kukujuza, na mtu anagundua kesho yake kwamba kuna doa jeusi katikati ya kila anachokitazama. Miwani ya kupwani haifai, hata iwe nyeusi vipi. Filamu ya eksirei haifai, wala sidii, wala kigae cha chupa kilichofukizwa moshi, wala kuchungulia kivuli cha jua kwenye beseni la maji, mambo ambayo wengi wetu tumefundishwa udogoni. Kinachofaa ni miwani ya kupatwa kwa jua yenye alama ISO 12312-2. Ukiivaa ndani ya nyumba usione chochote, hata balbu ionekane kwa shida. Kioo cha fundi wa kuchomelea kinafaa kikiwa namba 14. Vingi vilivyomo karakana ni vyepesi kuliko hapo, basi usiazime bila ya kusoma namba.

Kwa skuli au madrasa, njia nafuu ni kioo cha kujitazamia. Kifunike kwa karatasi uliyoitoboa tundu dogo la milimita chache, kisimamishe juani, kirudishe mwanga ndani ya chumba chenye giza. Ukutani litatokea jua zima, na kila mita moja ya umbali hutoa duara la kama sentimita moja. Chumba cha mita nane kinakupa jua la sentimita saba au nane, na darasa zima linaona kwa pamoja bila ya mtoto hata mmoja kuinua uso juu. Wasimamie tu, asiwepo wa kuutazama mwanga ule kutoka kwenye kioo moja kwa moja.

Gharama ni ndogo mno: miwani, au karatasi na kioo. Kuhusu watu, hapa kubaki kunazishinda njia nyingine zote, maana utakuwa na bibi, watoto na majirani. Swala ya kupatwa kwa jua utaiswali msikitini kwako, rakaa mbili zenye rukuu mbili kila moja, kisomo kirefu, na saa za kutosha kabla na baada. Wanaosoma wanakumbuka asili ya mafundisho yake: jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule, naye akawafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa kufa mtu wala kuzaliwa kwake.

Inamfaa mwenye familia, mwalimu, mzee asiyependa safari, na yeyote ambaye furaha yake ni kuona pamoja na wenzake kuliko kuona kikubwa zaidi.

Kulifuata giza Makka au Jedda

Utakachokiona ni giza kamili, zaidi ya dakika 5 Makka na karibu dakika 6 Jedda. Saa za huko ni sawa na zetu, na giza litaingia kiasi cha saa saba na ushei mchana. Dakika chache kabla, mwanga unapungua rangi na vivuli vinakuwa vikali isivyo kawaida. Mwisho kabisa inabaki tone moja la mwanga pembeni, linazimika, na kuizunguka duara nyeusi linachomoza taji la jua, weupe laini ulioenea nje mbali. Sayari zinaonekana. Joto linashuka. Upeo wa macho pande zote unakuwa na rangi ya magharibi, kwa sababu nje ya kivuli bado ni mchana.

Anga ya Hijaz mwezi wa Agosti kwa kawaida haina mvua, na mawingu ni haba kuliko kwetu. Adui ni joto. Jua la mchana huko mwezi huo si la kusimama nalo saa mbili ukingojea, na Jedda ina unyevu wa bahari juu yake. Vumbi nalo linaweza kuifanya anga kuwa nyeupe.

Macho: wakati wa giza kamili, na wakati huo tu, unaweza kuvua miwani na kutazama. Tone la kwanza la mwanga likirudi, irudishe. Dakika zote kabla na baada ya hapo masharti ni yale yale ya nyumbani.

Safari na gharama: kwa Waislamu wa hapa hii ina faida ambayo Luxor haina, nayo ni kuiunganisha na umra. Hija ya mwaka huo itakuwa imekwisha tangu Mei, na vikundi vya umra kutoka Unguja na Pemba ni jambo la kawaida. Lakini angalia ratiba kwa makini kabla ya kulipa. Madina imo nje ya ukanda wa giza. Kikundi kinachopanga siku za mwanzo Makka na za mwisho Madina kinaweza kukupitisha upande usio sahihi tarehe 2 Agosti, ukarudi umeona jua lililomegwa tu, kwa nauli ya kwenda kuona giza. Muulize kiongozi wa safari swali moja: tarehe 2 mchana tutakuwa mji gani? Asiye Muislamu atabaki Jedda, ambako giza ni refu zaidi.

Watu na ibada: hapa kuna mvutano wa kweli, na ni vyema uuamue kabla ya kupanda ndege. Swala ya kupatwa huswaliwa katika Msikiti Mtukufu, ni ndefu, na anayeswali macho yake yako mahali pa kusujudu. Ukiingia kwenye swala, huenda giza likaja na kuondoka uko katika kisimamo. Kwa wengi hilo si hasara hata kidogo. Kuwa ndani ya swala ile, mahali pale, giza likishuka mchana, ndicho kitu wanachokitafuta. Ila aliyesafiri kwa ajili ya taji la jua na atakayejuta kulikosa ajijue mapema, pengine Jedda ikamfaa zaidi.

Inamfaa aliyekuwa na nia ya umra hata kabla ya kusikia habari za jua, na ambaye giza kwake ni neema ya ziada.

Kulifuata giza Luxor

Luxor iko karibu kabisa na mahali ambapo giza litadumu muda mrefu kuliko popote: dakika 6 na sekunde 23 ndio upeo, na mjini penyewe ni zaidi ya dakika 6. Kupatwa kirefu kushinda hicho hakutatokea tena mpaka mwaka 2114. Wengi wetu hatutaufikia mwaka huo.

Anga ndiyo hoja yake kuu. Agosti Misri ya juu, yaani kusini mwake, ni kukavu, na wingu ni kitu adimu. Joto hupita digrii 40 mara kwa mara, kwa hiyo kofia, maji na kivuli cha kungojea si hiari. Macho: kama Makka, unavua miwani ndani ya giza tu, nje yake huvui.

Gharama hapa naiona ngumu zaidi kuliko zote. Watazamaji wa dunia nzima wanaitazama Luxor hiyo hiyo, na hoteli za mji ule zina mipaka. Anayefikiria kwenda aanze mapema, kwa sababu anashindana na watu wanaozunguka dunia wakifuata matukio haya mwaka baada ya mwaka. Akumbuke pia kwamba Kairo imo nje ya ukanda. Kuteremka Kairo na kubaki huko kwa kuokoa nauli ni kulikosa giza.

Watu: utakuwa baina ya wageni, wengi wao wakiwa na darubini na kamera, na msisimko wa umati ule una ladha yake. Swala utaipata pia, maana ni mji wenye misikiti.

Inamfaa anayetaka jua lenyewe kwanza, mengine baadaye: mpiga picha, mwanafunzi wa sayansi, mtu aliyeweka akiba kwa safari moja kubwa.

Kungoja pete ya 21 Mei 2031

Hii ndiyo njia wanayoisahau wengi, na mimi naipenda kwa sababu inatujia wenyewe. Ni Jumatano asubuhi. Njia ya pete inaanzia Angola, inapita Zambia na Kongo, inakatiza Tanzania, inavuka bahari kwenda kusini mwa India na Sri Lanka, kisha Asia ya kusini-mashariki.

Utakachokiona ukiwa ndani ya ukanda ni pete kamili ya moto kuzunguka duara nyeusi. Ni umbo zuri mno. Lakini si giza: taji la jua halionekani, nyota hazitoki, mwanga unapungua na kupoa tu. Ukibaki Unguja au Pemba jua litaliwa sehemu kubwa sana, zaidi mno kuliko 2027. Vile vimwezi chini ya makuti na miembe vitarudi vikiwa vyembamba na vikali. Na kwa kuwa ni mwezi mchanga, ni bamvua, asubuhi hiyo maji yatakuwa yanatoka. Paje na Jambiani kina mama wa mwani watakuwa wamo kwenye mashamba yao, na jua lililoliwa litaonekana juu ya maji ya magotini. Watu hawa wapewe miwani wa mwanzo, kabla ya hoteli, kwa sababu maji yanarudisha mwanga machoni na wao hawana kivuli cha kukimbilia.

Anga ndiyo udhaifu mkubwa. Mei kwetu ni mkiani mwa masika, na Pemba hupata mvua zaidi ya Unguja. Asubuhi nzima inaweza kuwa ya mawingu. Bara, ukielekea kusini-magharibi, masika huwa yameshakatika mapema, na anga ya huko Mei ina nafasi bora. Anayeitaka pete kwa dhati asijifunge visiwani. Avuke Dar es Salaam na awe tayari kuingia ndani, akitazama ramani ya njia na utabiri wa hewa wa siku mbili tatu kabla.

Macho: hapa kosa ni rahisi kufanyika. Watu wamesikia kwamba "kukizibwa katikati" unaruhusiwa kuvua miwani. Kwa pete huruhusiwi hata kidogo, tangu mwanzo hadi mwisho, kwani ule mduara mwembamba ni jua kamili kwa ukali wake.

Gharama ni boti na basi. Hakuna viza, hakuna kubadilisha fedha, na familia nzima inaweza kwenda kwa fedha ambazo mtu mmoja angezitumia kufika Luxor. Watu na ibada: uko kwenu, lugha yako, misikiti yako, na skuli zina miaka ya kujitayarisha.

Inamfaa asiyeweza kusafiri nje, lakini hataki kuishia na jua lililomegwa kidogo.

Kwa hali yako

Kama una fedha ya safari moja tu na hujawahi kuona giza kamili, chagua baina ya Makka na Luxor kwa swali la nia: ukienda kwa ibada, giza likija ni juu ya hayo, nenda Makka, ukienda kwa jua, nenda Luxor.

Kama fedha haipo au una mgonjwa wa kumuangalia nyumbani, baki, nunua miwani mapema, na uweke akiba kidogo kidogo kwa ajili ya pete ya 2031. Njia hizi mbili hazigombani. Tena zinakaa vizuri pamoja, kwa sababu watoto waliojifunza 2027 kutumia kioo na karatasi watakuwa vijana wenye ujuzi 2031.

Kama umelikosa giza la 2027 na bado unalitaka, kuna jengine bara hili hili: tarehe 25 Novemba 2030, asubuhi, likipita Namibia, Botswana, Afrika Kusini na Lesotho. Ni fupi zaidi, na Novemba ni msimu wa mvua katika sehemu kubwa ya huko, lakini lipo.

Kama wewe ni mwalimu, usiwafungie watoto madarasani na madirisha yakiwa na mapazia siku hiyo, kama inavyofanywa mahali pengi kwa hofu. Hofu ya macho ni ya haki, ila dawa yake ni kioo kile cha ukutani. Kifanyie majaribio wiki moja kabla, saa ile ile ya tukio, ili ujue mwanga utaingilia dirisha gani.

Na kama unasoma ratiba za kimataifa, zimeandikwa kwa saa za dunia. Ongeza saa tatu upate saa zetu, kisha ndiyo uigeuze kwa Kiswahili: saa 10:07 yao ni 13:07 kwetu, yaani saa saba na dakika saba mchana. Iandike kwa maneno ukutani msikitini na skuli, "mchana baada ya Adhuhuri", maana tarakimu tupu zitawafanya watu watoke saa nne asubuhi wakalitazame jua zima.